Kesho Nitapita

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Februari, miaka sita iliyopita. Ibada ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa bado mlangoni pa kanisa nikiwapa mkono washarika, wakati binti mdogo wa darasa la nne aliponivuta joho. "Shikamoo Baba Mchungaji. Babu anasema ukipata nafasi upite nyumbani, ana neno na wewe." Nilimwitikia, nikamwuliza hali ya babu. Akasema anakohoa kidogo tu. Nikamwambia, "Mwambie babu kesho nitapita."

Kutoka nyumba ya mchungaji hadi kwa mzee yule ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu. Unashuka hadi kijito, unapita shamba la viazi, unapanda kidogo, umefika. Ile kesho yangu ilichukua wiki tisa.

Usharika wenyewe uko milimani, huku Usambara, na mzee yule alikuwa mmoja wa nguzo zake. Aliongoza kwaya kwa miaka mingi kabla sijazaliwa kihuduma. Alikuwa miongoni mwa vijana waliobeba mawe kichwani wakati kanisa linajengwa. Nilipopangiwa usharika ule, yeye ndiye aliyenipeleka mtaa kwa mtaa kunijulisha kwa watu, akitangulia na fimbo yake, mimi nyuma nikihema.

Lakini mwezi wa Januari, kabla ya ujumbe ule, tulikuwa na kikao cha baraza la wazee. Mzee alisimama akauliza kwa adabu taarifa ya sadaka za mavuno za mwaka uliopita, kwa kuwa zilikusanywa kwa ajili ya paa na paa lilikuwa bado linavuja. Fedha zilikuwapo zote benki, hazijaguswa hata shilingi. Tatizo lilikuwa kwamba taarifa nilikuwa sijaiandika. Ilipaswa kuwa tayari mwezi wa Novemba. Badala ya kusema ukweli huo mdogo, nilimjibu, "Mzee, mambo ya siku hizi yana taratibu zake. Tuachie sisi." Vijana wawili walicheka. Mzee akakaa. Akashika kofia yake magotini hadi mwisho wa kikao, na tulipofunga kwa sala alisema "Amina" kama wengine wote.

Kwa hiyo yule mtoto aliponiletea ujumbe, nilidhani najua neno lenyewe ni lipi. Na kwa sababu nilidhani najua, sikwenda.

Jumatatu nilikuwa na kikao cha jimbo. Jumanne mvua ilinyesha. Wiki iliyofuata Kwaresima ilianza, ikawa na ibada za katikati ya wiki. Mwezi wa Machi masika yalishika, njia ya kijitoni ikawa tope. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonisumbua sana baadaye, kwamba katika wiki tisa sikusema uongo hata mara moja. Nilichagua tu ukweli ulionifaa.

Tena wiki zile sikuwa mvivu. Sidhani kama nimewahi kufanya kazi nyingi kiasi kile. Nilinakili upya kitabu cha zamani cha ubatizo ambacho kurasa zake zilikuwa zinachanika. Nilirekebisha bawaba za mlango wa sakristia. Nilipanda pikipiki hadi mtaa wa mbali kumwona mgonjwa mwingine, nikapita palepale kwenye njia panda ya kwa mzee, na nilipofika pale niligeuza uso upande wa pili. Jumapili moja nilimwona yule mjukuu akinijia baada ya ibada, nikarudi sakristia kana kwamba nimesahau kitu, nikakaa humo hadi aliponiacha. Mchungaji mwenye miaka 41 alimkimbia mtoto wa darasa la nne. Na Jumapili ile nilikuwa nimehubiri juu ya toba.

Wiki moja baada ya Pasaka, mwinjilisti alinipigia simu alfajiri. Mzee ameanguka chooni usiku. Kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na hawezi kusema.

Siku hiyo nilifika kwake. Zile dakika 25 nilizitembea kwa dakika 15.

*

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu anaahirisha jambo ambalo anajua ni jema, anajua analiweza, na anajua kwamba kulichelewesha kutamwumiza. Sisemi juu ya mambo tusiyoyataka. Mimi nilitaka kumwona mzee. Nilimpenda. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na muda, na nilikuwa na jambo la kumwambia.

Tulipokuwa watoto tulipewa jibu moja, nalo ni uvivu. Mwalimu alitupa jibu hilo kwa fimbo na wazazi kwa methali. Hata mimi nimelitoa madhabahuni mara nyingi. Lakini uvivu hauelezi mtu anayenakili kitabu kizima cha ubatizo ili tu asitembee hadi ng'ambo ya kijito. Jibu la pili ni kwamba hatujui kupanga muda. Nalo halitoshi. Mimi nina shajara, na jina la mzee lilikuwa limeandikwa humo kila wiki, likihamishwa kutoka ukurasa huu hadi mwingine kama mgeni asiyepewa kitanda.

Nilianza kusoma. Wako wataalamu wa saikolojia waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mmoja wao ni Timothy Pychyl, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Carleton, mjini Ottawa, Kanada. Mwaka 2013 yeye na mwenzake Fuschia Sirois waliandika kwamba kuahirisha si suala la saa bali ni suala la moyo. Mbele ya kazi fulani mtu anapatwa na hisia mbaya: hofu, aibu, uchungu, kujiona hawezi. Anaposema "kesho," ile hisia inaondoka papo hapo. Kazi haijafanyika, lakini moyo umetulia. Na kwa kuwa moyo umetulia, umejifunza kwamba neno "kesho" ni dawa, na safari ijayo utalitafuta tena.

Niliposoma hayo nilikumbuka ile mikopo ambayo watu wetu wanaiita kausha damu. Unapewa fedha leo bila maswali, unapumua, unanunua unga. Kesho yake mkopeshaji yuko mlangoni. Kuahirisha ni kausha damu ya moyo. Nafuu unaipata leo, na riba inaanza leo hiyohiyo. Kama ningekwenda Jumatatu ile ya kwanza, deni langu lingekuwa neno moja: samahani. Baada ya wiki tatu lilikuwa ni samahani kwa maneno ya kikao, na samahani kwa kuchelewa. Baada ya wiki sita aibu ya kuchelewa ilikuwa imeipita aibu ya kosa lenyewe. Sikuwa tena namkwepa mzee kwa sababu ya Januari. Nilimkwepa kwa sababu ya Februari na Machi. Hivyo ndivyo jambo la dakika 25 linavyogeuka kuwa mlima.

*

Biblia inawajua watu wa namna hii. Katika kitabu cha Kutoka, nchi ya Misri imejaa vyura: vitandani, jikoni, hata kwenye vyombo vya kukandia unga. Farao anamwita Musa amwombee. Musa anampa heshima ya kuchagua mwenyewe wakati wa vyura kuondoka. Farao anajibu: kesho. Kila ninapoisoma habari hii kwa washarika wanacheka, na mimi nacheka nao. Mtu anaweza kuondolewa vyura sasa hivi, naye anachagua kulala nao usiku mmoja zaidi! Lakini kumwambia Musa "sasa" kungekuwa kukiri kwamba ameshindwa. Vyura vilikuwa rahisi kuvumilia kuliko kukiri huko.

Yuko pia liwali Feliki katika Matendo ya Mitume sura ya 24. Anamsikiliza Paulo pale Kaisaria akinena juu ya haki, kiasi na hukumu itakayokuja. Luka anasema Feliki aliogopa. Ndipo akamwambia Paulo aende kwanza, atamwita akipata nafasi. Tazama mpangilio huo: hofu ilitangulia, habari ya nafasi ikafuata. Na nafasi haikuwa tatizo, maana tunaambiwa alimwita mara nyingi wakazungumza, huku akitarajia kupewa fedha. Alipata nafasi ya kila kitu isipokuwa lile neno lililomtisha. Miaka miwili ikapita, akaja liwali mwingine, na Paulo akaachwa kifungoni. Kesho ya Feliki aliilipa mtu mwingine.

Hata Agostino, mwalimu mkubwa wa kanisa, anasimulia katika maungamo yake kwamba ujanani alimwomba Mungu usafi wa maisha, ila si upesi. Alihangaika na "bado kidogo" hiyo kwa miaka, mpaka siku ile bustanini huko Milano mwaka 386. Pasaka ya mwaka uliofuata akabatizwa. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi, na mama mwenye kumwombea machozi, na bado akasema kesho.

Lakini habari iliyonishika kuliko zote ni ile ya talanta katika Mathayo 25. Nimeihubiri tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, na siku zote niliishia kwenye hukumu ya bwana: mtumwa mbaya, tena mlegevu. Sikuwahi kukaa na maneno ya mtumwa mwenyewe. Anaeleza kwa nini aliizika talanta ardhini, na neno lake ni moja: aliogopa. Na anaeleza kwa nini aliogopa: alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, anayevuna asipopanda. Kabla hajashika jembe kuchimba shimo lile, alikuwa amechora picha ya bwana wake moyoni. Picha ile ndiyo iliyochimba shimo. Wenzake wawili walimtumikia bwana yuleyule, wakaondoka mara moja kwenda kufanya biashara.

Mimi pia nilikuwa nimechora picha ya mzee. Nilimchora amekaa kwenye kiti chake, fimbo mkononi, akinisubiri anisute mbele ya mke wake. Na nyuma ya picha ya mzee kulikuwa na picha nyingine niliyochelewa kuiona. Ilikuwa picha ya Mungu. Mimi, mchungaji wa Kilutheri, niliyefundishwa kwamba tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, niliyefundisha hivyo makumi ya vijana wa Kipaimara, nilikuwa ninaishi wiki zile kama mtu ambaye Mungu wake anakaa na daftari mlangoni. Kwa midomo nilihubiri neema, na kwa miguu nilihubiri mungu mwingine.

*

Siku ile ya kwanza baada ya kiharusi, nilisimama kando ya kitanda chake nikasoma zaburi na kuomba. Sikusema neno langu. Nyumba ilikuwa imejaa watu, nikajiambia kwamba si wakati wake. Mnaona? Hata pale nilisema kesho.

Usiku sikulala. Asubuhi nilimpigia simu mchungaji mwenzangu wa usharika wa jirani, mtu mzima kuliko mimi, nikamwomba anisikilize maungamo. Wengi wetu tunadhani maungamo ya faraghani ni jambo la Wakatoliki peke yao. Lakini Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ibara ya 11, linasema wazi kwamba ondoleo la dhambi la faragha lidumishwe katika kanisa. Tunalo, ila tumeliweka kabatini kama vyombo vya wageni.

Nilimweleza yote: taarifa ya mavuno, kikao, mjukuu, sakristia. Nilitegemea aniambie ama kwamba ni jambo dogo, ama kwamba ni jambo baya sana. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliniwekea mkono kichwani, akanitangazia msamaha wa dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kisha akaketi, akamimina chai, akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, unatoka hapa unakwenda wapi?" Nikasema, "Kwa mzee." Akasema, "Basi kunywa chai haraka."

Miaka miwili baadaye nilisoma juu ya utafiti mwingine wa Carleton, uliochapishwa mwaka 2010. Michael Wohl, Pychyl na Bennett waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioahirisha kujisomea kabla ya mtihani. Waligundua kwamba wale waliojisamehe kwa kuahirisha kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani wa pili. Sisi wazazi na wachungaji tungetarajia kinyume chake. Tungesema kwamba anayejisamehe atazoea. Lakini anayejichapa anaongeza uchungu kwenye kazi ambayo tayari inamwuma, na kesho yake anaikimbia zaidi.

Sisemi kwamba kujisamehe ni kitu kilekile na Injili. Mimi sikuweza kujisamehe. Nilijaribu wiki tisa, nikaishia kujitetea. Ilibidi msamaha utoke nje yangu, kwa kinywa cha mtu mwingine, kwa jina lililo kubwa kuliko langu. Lakini utafiti ule ulinithibitishia jambo ambalo mwili wangu ulikuwa umeshalijua. Aliyesamehewa anaweza kutembea.

*

Nilimkuta mzee macho. Mke wake alikuwapo, na yule mjukuu. Nilipiga magoti pale sakafuni, maana kitanda kilikuwa cha chini, nikamwambia: "Mzee wangu, mwezi wa Januari uliuliza jambo la haki nikakujibu kwa dharau. Taarifa nilikuwa sijaiandika. Niliona aibu. Kisha ukaniita, nikaogopa kuja. Naomba unisamehe." Nikamgeukia mtoto. "Na wewe nilikukimbia. Nisamehe." Mtoto alimtazama bibi yake, hajui la kufanya.

Mzee alijaribu kusema. Ilitoka sauti tu, si neno. Alijaribu tena, jasho likamtoka, mke wake akamwambia, "Tulia baba, mchungaji amesikia." Kisha akautoa mkono wake wa kushoto chini ya blanketi akanishika kidole gumba, akakishikilia muda mrefu. Nilimpa Chakula cha Bwana, kipande kidogo cha mkate kilicholowekwa kwenye divai, kwa sababu kumeza kulimsumbua.

Baadaye nilimwuliza mama yule kama anajua mzee alitaka kuniambia nini Februari ile. Alisema hajui. Mzee hakumwambia. Labda lilikuwa lile la kikao. Labda lilikuwa jambo la kwaya, au la shamba, au la roho yake mwenyewe ambalo mtu humwambia mchungaji peke yake. Alifariki mwezi wa Julai, siku ya baridi kali, na lile neno akalala nalo.

Nimesamehewa. Hilo ninaliamini, na siku nyingine ninaliamini kwa shida. Lakini ninawaandikia pia kwamba msamaha haukunirudishia lile neno. Mungu anafuta hatia, naye hairudishi Februari. Tusilihubiri hilo la kwanza kwa namna ya kulificha la pili.

*

Tangu hapo ninawatazama kwa jicho lingine watu wanaochelewa, nao kanisani ni wengi. Nilijifunza kwamba mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowachelewesha. Mtu amekaa miezi minane bila kuja ibadani. Ilianza kwa ugonjwa, ikafuata aibu ya kukosa ahadi yake, kisha ikawa ni aibu ya kukosekana. Siku anayopata nguvu ya kurudi, mlangoni anapokelewa na nini? "Leo umetukumbuka!" "Umepotea sana wewe!" Tunasema kwa kicheko, hatuna nia mbaya. Lakini yeye aliyahofia maneno hayohayo njia nzima. Katika baraza letu tulikubaliana neno moja dogo: anayerudi asiulizwe alikuwa wapi. Asalimiwe, apewe nafasi kwenye benchi. Akitaka kueleza, ataeleza mwenyewe. Yule baba katika Luka 15 hakumwacha mwanawe amalize hata hotuba aliyoiandaa.

Vivyo hivyo kwa wanaoishi pamoja bila ndoa kubarikiwa. Nilikuwa nikiwahubiria kwa ukali mwaka hata mwaka. Siku moja niliacha kuhubiri nikamwuliza baba mmoja aliyekaa na mwenzake miaka 14: kinachowazuia ni nini? Alisema hana fedha za sherehe, na watu watacheka. Hakuwa ameikataa ndoa. Aliogopa sufuria tupu za pilau. Walibarikiwa Jumapili ya kawaida, katika ibada ya kawaida, na akina mama wakapika chai na maandazi. Wenzao wanne walifuata kabla ya mwaka kwisha.

Lakini si kila anayechelewa anaahirisha. Yuko mama ambaye haendi hospitali kwa kuwa nauli ya kwenda ndiyo unga wa wiki nzima. Huyo hahitaji mahubiri, anahitaji nauli. Yuko kijana ambaye hawezi kuamka kitandani kwa sababu ya ugonjwa wa sonona. Huyo anahitaji daktari, na mtu wa kukaa naye. Na iko subira ya imani ambayo Maandiko yanaisifu. Mkulima wetu anayengoja masika haahirishi. Shamba limelimwa, mbegu iko ndani ya gunia, jembe limenolewa. Anangoja lile tu ambalo ni la Mungu kulitoa. Ukitaka kujua kama unamngoja Bwana au unamkimbia, tazama kama shamba lako limelimwa. Mimi wiki zile nilisema ninangoja wakati wa Bwana. Shamba langu lilikuwa pori.

*

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anatupa mpango wa asubuhi ambao wengi wetu tuliukariri tukiwa Kipaimara tukausahau. Unapoamka, unajiwekea ishara ya msalaba kwa jina la Mungu wa Utatu, jina ulilobatiziwa. Unasema Imani na Sala ya Bwana, ukipenda unaongeza sala fupi. Kisha anasema nenda kazini kwako kwa furaha. Nilikuwa nimelisoma agizo hilo mara mia bila kuona mpangilio wake. Ubatizo kwanza, kazi baadaye. Hatuamki tukiwa wadaiwa wanaokwenda kutafuta marejesho. Tunaamka tukiwa watoto wa nyumba ambao deni lao limelipwa, ndipo tunatumwa shambani.

Sasa kila asubuhi, nikisha kunawa uso, na maji yakiwa bado usoni, ninajiwekea ishara ile. Kisha ninajiuliza swali alilonifundisha mwenzangu: unatoka hapa unakwenda wapi? Si mambo kumi. Ni lile moja ambalo moyo unaligeuzia uso pembeni. Na ninalifanya kwa kipande chake cha kwanza tu. Kama ni barua, naandika jina la mpokeaji na salamu. Kama ni mtu wa kumwona, navaa viatu. Mara nyingi, viatu vikishavaliwa miguu inajua njia.

Sijapona kabisa. Wanaokusanya maandishi ya kitabu hiki wanajua kwamba walinikumbusha mara mbili. Niliogopa kuandika habari hii, kwa kuwa itasomwa na watu walionicheka pamoja na vijana wale, na watu waliomzika mzee. Jumatano iliyopita nilivaa viatu, nikashuka hadi kijitoni, nikapita shamba la viazi, nikamsomea mama yule yote niliyoandika, nikimwomba ruhusa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Waambie watu waende."

Ndugu msomaji, nimewaambia. Kama liko jina ambalo umekuwa ukilihamisha kutoka ukurasa hadi ukurasa, usianze kwa kujilaumu. Aliyekubatiza katika kifo chake hana daftari mlangoni. Amka, vaa viatu. Mtu huyo huenda yuko dakika 25 tu kutoka hapo ulipo, na leo bado anaweza kusema.